Nelda Faye Stovall na Rojo Lake Lililoungua

Mwaka mzima umekatika, Mama, tangu Jumanne ile ya upepo ulipotuaga, na nyumbani kwako hakuna aliyetulia hata siku moja. Mwanao Kirby anapiga simu kutoka mjini Lubbock mara tatu kwa siku bila la kusema. Dada yake Darla anafua mapazia ambayo aliyafua juzi. Baba ndiyo usiseme, maana tangu tukuzike yeye ni mguu ndani mguu nje, kofia kichwani, funguo za pikapu mkononi, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Watu wanatuuliza tunakukumbuka kwa lipi. Tunakukumbuka kwa sahani ulizopeleka kwa wafiwa kabla hata maiti haijaondolewa ndani, jina lako limebandikwa chini ya bakuli ili lijue njia ya kurudi. Ilipofika zamu yako yalikuja mabakuli thelathini na moja, kila moja na jina lake, na Darla akayarudisha yote kwa lile basi la shule analoliendesha, watoto wameyapakata mapajani. Ungecheka sana siku ile.

Na tunakukumbuka kwa nyama. Ulichukua paja la ng'ombe, ile nyama ngumu ambayo wenye nazo hawaitaki, ukaiponda kwa ukingo wa kisosi mpaka mbwa akahama chini ya meza. Ukaipaka unga wenye chumvi na pilipili manga, ukaichovya kwenye maziwa yaliyopigwa na yai, ukairudisha kwenye unga, kisha ukaiacha ipumzike juu ya trei. Ole wake aliyeigusa. Ulisema nyama isiyopumzika huvua koti lake la unga ndani ya mafuta na kukutia aibu mbele ya wageni. Mwenyewe hukujua kupumzika. Ulikula umesimama, sahani iko juu ya kabati, jicho liko kwa mwenzio aliyemaliza.

Kwenye rojo la kumwagia juu ya nyama ndiko kulikuwa na maneno. Ulimwaga mafuta, ukabakiza vijiko vitatu pamoja na masalia yaliyoganda kwenye kikaango, ukatia unga, ukakoroga, ukamimina maziwa. Na karibu kila siku lilitoka na madonge, na ladha ya kuungua kwa mbali. Baba hakukosa kulisema, hata mbele ya mchungaji. Miaka hamsini na mmoja, maneno ni yale yale: "Nelda, limeungua tena." Nawe ulimjibu bila kugeuka: "Kama halifai, mwachie mbwa." Mbwa hakupata kitu. Baba alifuta sahani kwa mkate mpaka maua yake yakaonekana.

Sisi wanao tulikua tukiamini kwamba Mama ni fundi wa kila kitu isipokuwa rojo. Tusamehe.

Ulipoondoka, Baba akaanza kuzurura. Alikuwa akitoka asubuhi, anaendesha maili arobaini, sitini, kwenye mkahawa wowote unaokaanga nyama ile. Hatukujua anakwenda kufanya nini mpaka mhudumu mmoja alipompigia Darla simu, amekasirika kweli. Alisema mzee wenu anaagiza, anaonja rojo kijiko kimoja, analipa, anavaa kofia anaondoka, na wateja wengine wameanza kuziangalia sahani zao. Darla alipomuuliza Baba anatafuta nini huko, akajibiwa kwamba anatafuta chakula cha mchana, kwani ni dhambi?

Dhambi isingekuwepo kama angekuwa anaona. Unayajua macho yake, Mama. Daktari alishamwambia asiguse barabara kuu. Mwezi wa kumi aligonga sanduku la barua la jirani, akaendelea na safari, na jioni akasema ni upepo uliliangusha. Kirby akachoka. Akatoa neno mbele yetu sote kwamba mwaka wako ukitimia kabla mzee hajatulia, yeye anachukua funguo na anamhamishia kwake mjini, kwenye chumba cha nyuma. Baba akamwambia, "Mtanitoa hapa ndani ya jeneza," akatoka, akawasha gari.

Darla alikosa usingizi kwa neno hilo. Alijua kwamba mtu aliyelima pamba tangu utoto, ukimweka kwenye chumba kinachotazamana na ukuta wa jirani, hamalizi msimu. Akamwomba kaka yake ampe mpaka Machi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mzee anafuata nyama, basi nyama aikute nyumbani. Basi la shule lina kazi asubuhi na alasiri tu, mchana ni wake. Kuanzia hapo kila siku saa tano yupo jikoni kwako, aproni yako kiunoni, anaponda.

Na mwanao anapika, Mama, tusimwonee. Koti lilishika, nyama ilikatika kwa uma, na rojo alilitoa jeupe, laini, halina donge hata la dawa. Alidhani anamtendea Baba wema, anampa kile alichokuwa akikidai miaka yote. Baba alikula vijiko viwili. Akasema ni tamu sana, mwanangu, kwa ile sauti anayozungumza nayo na mke wa mchungaji, akachukua kofia. Kesho yake hivyo hivyo. Darla akabadilisha siagi, akabadilisha maziwa, akajaribu mafuta ya nguruwe. Kirby akamwambia kwa simu, "Dada, unamaliza maziwa bure. Mzee hana njaa, ana kiwewe." Darla akamkatia simu, kisha akakaa kwenye ngazi ya nyuma akalia, maana ilishafika Februari.

Siku ya dhoruba ya vumbi upepo uliamka kabla ya watu. Kufikia saa nne mashamba yalikuwa yamesimama hewani na jua lina rangi ya chai. Baba alishaondoka, alisema saa sita atakuwa amerudi. Darla alimpigia simu, na simu ikaita chumbani, juu ya mto. Akaenda kuponda nyama kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi nyingine.

Alikaanga vipande viwili. Akamwaga mafuta, akatia unga. Sasa, wasomaji wa tangazo hili wasiofika kwetu wajue kwamba ukiwa jikoni pale unaona ghala na tangi la gesi, basi. Barabara inaonekana kwa dirisha la sebuleni peke yake. Darla alikoroga kidogo, akaenda kuchungulia. Hakuna. Akarudi, akakoroga, akaenda tena. Mara ya tatu alikwama pale dirishani na mwiko mkononi, huku akimwomba Mungu na kumtukana Baba kwa zamu, anatafuta taa mbili ndani ya vumbi, haoni hata nguzo ya lango. Harufu ndiyo iliyomrudisha. Unga ulikuwa umeshafika rangi ya kahawa.

Kwa siku nyingine angemwaga aanze upya. Siku ile hakuwa na moyo huo. Alimimina maziwa yote kwa mkupuo, yakafanya madonge, akazima moto. Alikuwa anachukua funguo zake akamtafute, mlango wa nyuma ukafunguka.

Baba alikuja kwa miguu. Alikuwa amelipita lango lake mwenyewe, lango analoingia tangu kabla Darla hajazaliwa, na pikapu iko mtaroni nusu maili mbele. Amerudi ameushika uzio wa seng'enge kwa mkono, hatua kwa hatua, kiganja kinavuja damu, vumbi mpaka kwenye meno. Darla alitaka kumpigia kelele. Alimfunga kiganja kwa kitambaa, akamwambia anawe uso, akaitua sahani mbele yake kwa nguvu, akampa mgongo.

Alichosikia nyuma yake kilikuwa uma, na uma haukusimama. Alipogeuka, Baba alikuwa anafuta sahani kwa mkate. Kofia iko sakafuni.

"Leo umefanyaje?" Baba akauliza.

"Nimeliunguza. Samahani. Nilikuwa dirishani nakutazamia."

"Dirisha gani?"

"La sebuleni, Baba. Kwani humu jikoni unaona barabara?"

Baba alitazama ghala, akatazama tangi la gesi. Amekaa nyumba ile miaka hamsini na mmoja, na hakuwa akilijua hilo, maana kila mchana yeye ndiye aliyekuwa barabarani. Aliendelea kutazama nje mpaka Darla akaogopa, akadhani ameumia kichwa huko mtaroni.

"Mama yako alikuwa akienda dirishani kila siku?"

"Kila siku. Ukichelewa dakika tano alikuwa ameshasimama pale. Mimi nilidhani unajua."

"Basi ni mimi niliyekuwa naliunguza," Baba akasema.

Akazitoa funguo mfukoni, akaziweka kando ya sahani. Akamwambia Darla ampigie kaka yake aje aivute ile gari, na akishaivuta aende nayo. Kisha akalia, Mama. Miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona akilia, hata kanisani siku yako. Alilia kwa sauti, mkono umefungwa kitambaa, na Darla akakaa naye chini, chakula chake kikapoa.

Kirby alikuja na mnyororo siku ya pili. Alikuta mzee amenyoa. Alizunguka nyumba, akatazama jokofu, akakubali mwenyewe kwamba habari ya chumba cha nyuma imekwisha, kwa sharti Darla aendelee kuja mchana. Darla akamwambia sharti hilo angeliweka kwake mwenyewe kwanza, aje angalau Jumapili. Anakuja.

Baba hajatulia, tusikudanganye. Ila sasa anahangaika ndani. Saa tano unusu yupo jikoni, anafungua droo, anafunga, anasimama pale pale Darla anapotaka kupita. Anamuuliza kama nyama imepumzika, kama mafuta yamepata moto. Na kwa kuwa yupo pale, hakuna wa kumtazamia, basi rojo limerudi kuwa jeupe na laini kama kabla ya dhoruba. Baba analila. Halaumu. Anakula nusu, anashukuru.

Alhamisi iliyopita Darla alikuwa ameshatia unga kwenye mafuta, anakoroga, Baba akamshika bega.

"Nenda kaangalie dirishani," akamwambia.

"Nikamtazamie nani, Baba? Si upo hapa?"

"Nenda tu, mwanangu."

Darla akauweka mwiko. Akaenda sebuleni akasimama mbele ya kioo, akaitazama barabara nyeupe mpaka langoni. Nyuma yake jikoni Baba alikuwa amekaa, hakugusa kikaango. Siku ilikuwa shwari, unaona mbali kabisa, na hakuna aliyekuwa anakuja. Alisimama pale mpaka harufu ikamfikia, na hata hapo hakuondoka mara moja.

Wanaokulilia ni mumeo Weldon, wanao Darla na Kirby, mkweo Patrice, mjukuu wako Tessa, aliyechukua kile kisosi, dada yako Verna wa Tahoka, na wote waliowahi kurudisha bakuli lenye jina lako.

Hututoki moyoni, Mama, leo wala kesho.