Kilima cha Mama na Kompyuta ya Kupima Maneno

Kwako Yaya Musafiri, kaka yangu mkubwa, hapo Wamaza,

Mimi mdogo wako Faida niko mzima hapa Kasongo, isipokuwa moyo. Mguu wako umepona? Mihogo je? Nijibu kupitia huyu mwenye pikipiki aliyekuletea barua, na usimsomee mtu kabla hujaimaliza peke yako.

Ofisi ninayopigia chapa imeleta programu ya kompyuta ya kusaidia watu wengi kuamua jambo moja. Haihesabu mikono. Kwa kila pendekezo, kila mtu anachagua neno: nakataa, kidogo, kiasi, au sana. Wanasema moyo wa mtu si ndiyo na hapana tu, basi kompyuta inayageuza maneno kuwa vipimo, inavichanganya, inatoa jibu lenye upinzani mdogo kuliko yote. Ndivyo wanavyotafuta mahali pa kuwajengea maternite, nyumba ya kujifungulia akina mama. Wale wageni waliokula kuku wako walikuja kwa kazi hiyo.

Jibu limetoka, Yaya. Ni kilimani, pale tulipomzika Mama.

Nilifungua karatasi za majibu yenu moja moja. Penye soko, nusu yenu mmesema sana, nusu nakataa. Karibu na kanisa mmevutana vilevile. Kilimani hakuna aliyekataa hata mmoja! Wote kidogo. Na wewe, kidogo. Nikaelewa papo hapo. Nani kwetu atamkatalia mgeni usoni, tena mgeni aliyekula kwake? Nikamwambia mkuu wangu, "Chef, batu ya kwetu habakatalake mugeni ku macho. Ile kidogo ni haya tu."

Akacheka. "Mashini haina ndugu, Faida. Iko inasema tu ile batu balisema."

Simwamini. Barabara ya gari inaishia chini ya kilima kile, na yeye hapendi kutembea. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Walipokuwa wakiiandaa programu aliniuliza: mtu wa kwenu akisema kidogo, amekubali kiasi gani? Nikaona ananiheshimu, nikajibu, karibu nusu. Nusu hiyo ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta, na ilitoka kinywani mwangu. Naona aibu hata kukuandikia.

Alhamisi ijayo wanarudi kuwauliza mara ya mwisho kabla ya kuchimba msingi. Wapikieni, wapeni maji ya kunawa, wakaribisheni vizuri. Halafu mseme nakataa, huku mnawatazama. Ninajua ni vigumu.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, na mama mdogo anayewatunzia watoto. Katekista naye msalimie, umwombe asiogope kutangulia kukataa.

Mimi nitakuja nao, kuandika majibu. Siruhusiwi kubadili neno la mtu. Ukiniambia kidogo, Yaya, nitaandika kidogo.

Mdogo wako anayekupenda,
Faida