Zamu ya Wifi

Shoga, nimemwita wifi muongo mbele ya mgeni! Mbele ya yule mtafiti wa chuo anayefuatilia familia zenye watoto wenye usonji.

Dada wa watu kaniuliza mimi, "Nani anakusaidia kumlea binti yako?" Sijafungua mdomo, wifi kadakia: "Sisi sote! Mtoto ni wa ukoo."

Ukoo! Huyu huyu aliyemfungia mwanangu chumbani siku wageni wake walipokuja, eti asimwaibishe!

"Muongo," nikamwambia.
"Wifi, una kisirani," naye akanijibu.
Sisi sote, shoga. Sisi sote!!

Kalamu ya mtafiti ikaganda hewani. "Sasa niandike nini?"

"Andika utakachokiona." Nikabeba pochi. "Wifi, leo zamu yako. Usiwashe blenda, itamtisha. Akipanga vifuniko vyake vya chupa, usiviguse."

"Unakwenda wapi?"
"Ukoo si upo? Nina wasiwasi gani?"

Niko saluni, kichwa kimejaa povu. Wifi anapiga, sipokei. Mtafiti kaniandikia: "Mtoto hajambo. Wifi yako aligusa vifuniko, sasa yeye mwenyewe yuko sakafuni anavipanga upya."

Nilikuja kuoshwa nywele tu. Nimemwambia msusi anisuke kabisa, tena zile nyembamba za kutwa nzima. Kashaanza.