Kahawa Iliyo Tangini Haisubiri Kikao

Mwanangu Editha,

Kosa wanalolifanya wengi ni kudhani kwamba kazi huharibiwa na uvivu. Nimefundisha shule miaka mingi na nimelima kahawa miaka mingi zaidi, na wavivu niliowaona wakiharibu kazi ni wachache. Wengi walioiharibu ni wachapakazi, watu walioitika kila walipoitwa. Wewe ni mmoja wao, na tabia hiyo umeirithi kwangu.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Tangu Jumapili nimekupigia mara nne, na mara zote nne umenijibu, "Shikamoo baba, niko kikaoni, nitakupigia." Hujapiga. Barua hii naikabidhi kwa dereva wa bodaboda anayekwenda huko kwenu Kitura asubuhi hii. Bahasha sikuifunga. Akitaka kuisoma njiani aisome, na wenzako hapo kwenye mtambo wa kumenya kahawa waisome pia, maana wenye maradhi haya tuko wengi.

Jana alinijia Kosmas, yule niliyemfundisha darasa la nne, ambaye siku hizi analeta kahawa yake kwenye mtambo unaousimamia. Nilimpa kiti akakikataa.

"Sikai, Mwalimu. Nimekuja kukwambia tu. Jumamosi wakulima tunakutana kuamua kama dada Editha aendelee na mtambo au tutafute mwingine."

"Kwani ni mvivu?"

"Angekuwa mvivu, afadhali! Mvivu unajua alipolala. Huyu ukimtafuta tangini, yuko kwaya. Ukimfuata kwaya, unaambiwa ametoka sasa hivi, kaenda kamati ya harusi."

Nilicheka. Kisha akanieleza habari ya tangi la mwezi uliopita, na kicheko kikaniishia. Kumbe kahawa iliyolazwa humo ilipitiliza muda wake wa kuoshwa kwa siku nzima, wewe ukiwa unaandika muhtasari wa kikao, ikatoka inanuka siki, na mnunuzi akaishusha daraja. Kosmas hakuniambia kwa hasira. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilichuma nyekundu tupu. Tupu." Heri angegomba.

Nadhani hujasahau kwamba jambo hili lilitukuta sisi wenyewe hapa Litembo. Ulikuwa darasa la tano. Katika vijiji vyetu mtu mwenye mwandiko mzuri hana siku ya kwake. Kanisa likitaka katibu, "Muiteni Mwalimu." Maji, shule, harusi, "Muiteni Mwalimu, ana kalamu." Mkono wangu ulipochoka nilikuketisha kando yangu uandike wewe. Wazee wakakusifu, ukavimba kichwa, nami nikavimba kukushinda.

Mama yako alikuwa anamuuguza bibi yako hospitalini. Aliniachia kazi moja tu. Kahawa tulikuwa tumeimenya kwa ile mashine ya mkono na kuilaza kwenye sanduku nyuma ya jiko ili ule utelezi wake uachie. "Mwalimu," aliniambia, "kesho saa nne uioshe. Ukiipapasa ikakwaruza kama kokoto, osha palepale." Kesho yake saa tatu na nusu nikaitwa kikao cha ujenzi wa zahanati. Nikajiambia ni nusu saa. Nikakuchukua na daftari lako.

Tulirudi jua likiwa limeelemea magharibi, na harufu tuliipokea kabla hatujafika uani. Mama yako alikuwa ameshatutangulia kurudi kutoka hospitalini. Hakupaza sauti. Alichota kiganja cha kahawa akanisogezea puani.

"Mwalimu, nusa muhtasari wako."

Wewe ulijibanza nyuma ya mlango umekumbatia daftari, kana kwamba kosa lilikuwa lako. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo: halikuwa lako. Nilikufundisha kwamba mtu wa maana ni yule anayeitwa kila mahali, na hilo ndilo somo baya kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Aliyenisahihisha alikuwa dada yangu, shangazi yako Tekla, aliyeolewa Chiwanda. Likizo ile tulishuka ziwani, ukawa unamsaidia kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Wanawake wa kigango wakapita wakielekea mkutanoni.

"Tekla, twende! Tunakusubiri wewe tu!"

"Msinisubiri."

"Mwoneni anavyoringa!"

"Naringia jua, siwaringii ninyi. Likishuka nitakuja, na mboga ya watu nitaibeba."

Ulicheka mpaka samaki wakakuponyoka mikononi. Lakini uliona pia kwamba jioni alikwenda kweli, na usipa kikapuni, na wale waliomsema ndio waliompisha mkekani. Shangazi yako hakuwa na kiburi. Alijua kuipambanua kazi inayomsubiri mtu na kazi isiyomsubiri. Samaki mbichi hasubiri. Kahawa iliyo tangini haisubiri. Kikao husubiri, na kisiposubiri, huendelea bila wewe wala hakiozi.

Na uelewe jambo moja, mwanangu, nililolijifunza darasani. Mtu akibisha hodi katikati ya hesabu za sehemu, anachukua dakika moja ya mlangoni, lakini ukigeuka ubaoni watoto wote wamepotea na unaanza upya. Kikao cha nusu saa ni hivyohivyo. Kinakula asubuhi ya kujiandaa na mchana wa kukifikiria, na kisha simu inaanza kulia kwenye yale magrupu yenu.

Niliporudi kutoka Chiwanda niliacha nafasi sita za ukatibu, nikabakiza moja. Wiki mbili walininuna. Wiki ya tatu wakapata katibu mwingine, mwandiko wake kama nyayo za kuku, na zahanati ikajengwa vilevile.

Najua unachokiogopa. Harusi yenyewe ni ya binti wa mwenyekiti wa wakulima, na mwenyekiti huyohuyo ndiye atakayeongoza mkutano wa Jumamosi. Unaona ukijitoa utampoteza. Lakini Editha, hata yeye ana kahawa ndani ya tangi lako. Atakushukuru kwa muhtasari, atakusifu mbele ya wageni, na Jumamosi atanyoosha mkono uondolewe. Wala hatakuwa amekuonea.

Kosmas aliniomba nije Jumamosi niseme neno, eti bado wananiheshimu. Nimekataa, na kukataa huko kumeniuma kifuani tangu jana. Ningekuja wangekuonea huruma kwa ajili ya mvi zangu, na msimu ujao tungekuwa palepale. Ninaogopa, mwanangu. Nakumbuka ulivyoupigania mtambo huo, ulivyojifunza kuijua kahawa kwa mkono na kwa pua wakati vijana wa rika lako wakikucheka. Sitaki uupoteze kwa sababu ya kadi za mwaliko na rangi ya vitambaa.

Kosmas amenieleza kwamba kahawa mliyoimenya jana itafaa kuoshwa kesho saa nane mchana, na kesho saa nane hiyohiyo ndipo kamati ya harusi inapokaa. Tangi hilo ndilo wakulima watakalolitazama kabla ya kukuamulia. Sikwambii uache kila kitu kwa mara moja. Kwaya na kikundi cha akina mama tutavizungumza utakapokuja nyumbani, taratibu, mama yako akiwepo, maana ana maneno yake.

Anakusalimu sana. Mungu akutunze, akupe na ujasiri wa kununiwa.

Leo, ukiiweka tu barua hii chini, mpigie mwenyekiti, msalimie kwa heshima, umwambie kwamba umejitoa kwenye kamati ya harusi.

Ni mimi,
Baba yako