Jibini Chini ya Saladi

Perrine shoga yangu, mimi sokoni sirudi tena! Nimejifungia kwenye gari.

Unajua miaka kumi na moja nanunua jibini ya mbuzi kwa Bi Huguette tu. Leo foleni yake imefika mlangoni mwa kanisa. Nikajipenyeza kwa yule Gaëtan mwenye ndevu, muuza jibini mgeni wa juzi juzi, nikanunua moja. MOJA! Nikaificha chini ya saladi.

Halafu kwa ujinga wangu nikarudi kwa Huguette, ili asinishuku. Zamu yangu ilipofika, nikaweka kikapu mezani kwake. Mezani kwake, Perrine!

Akanusa. Amezungukwa na jibini zake arobaini, lakini akainusa ile moja ya mwenzake!

"We Josiane, umetoka kwa nani?"

"Kwa muuza saladi tu, Bi Huguette."

"Saladi gani inanuka beberu?"

Kwenye foleni, mke wa meya akavaa miwani aone vizuri.

Huguette akaichomoa ile jibini mbele ya watu wote. "Njoo huku nyuma." Ana kisu mkononi, shoga. Nikajua leo nimekwisha.

Nyuma ya gari lake akakata kipande, akala. "Takataka." Akakata kingine. "Takataka tupu." Akaimaliza YOTE, mpaka karatasi akailamba!

Kisha akanivuta sikio, akaninong'oneza: "Jumanne ijayo niletee mbili. Mimi pale siwezi kuonekana."