Dereva wa Tela la Jua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha kamba pale mlangoni, mgongo umetulia na redio iko karibu. Mimi ni mzima kabisa, ila mikono imebadilika rangi kwa jua, utaiona mwenyewe na utacheka. Mpe Mama salamu zangu nyingi. Mwambie dawa ya kikohozi ilifika, na kikohozi kilikimbia kabla sijafungua chupa. Na yule jirani yetu fundi cherehani, bado anakufunga kwenye drafti, au siku hizi umeanza kujitetea?

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, nikaikunja haraka kwa sababu nilikuwa nacheka peke yangu na watu walishaanza kunitazama. Umeniuliza kuhusu dereva wetu. Umetaka kujua ni kijana wa nani, ana mke au hana, anakunywa au hanywi, na mbona kila barua yangu imejaa habari zake. Swali lako lina jibu, Baba, na nitalitoa humu humu. Ila niruhusu nikusimulie safari kwanza, maana nakujua: ukishapata jibu hutanisikiliza tena.

Tela letu nilishakueleza. Lori lenyewe linatumia umeme, halina tangi la dizeli wala bomba la moshi, na betri zake zikijaa linafika kituo cha mwisho cha kuchaji bila wasiwasi. Tabu iko mbele ya kituo hicho. Kuna tambarare ndefu yenye miji midogo midogo, hakuna pa kuchaji, na huko ndiko wanakozisubiri pampu zetu za maji na mashine za kusaga. Ndipo kampuni ikaunda tela ambalo paa lake lote ni paneli za sola, na ubavuni lina paneli nyingine zinazokunjuliwa kama mabawa gari likisimama. Likitembea linachaji, likisimama linachaji zaidi. Wewe uliandika kwamba gari la kuchaji kama simu litaishia kuombewa chaji vibandani. Niliwasomea wenzangu maneno hayo, karakana nzima ikacheka, hata mhandisi wetu ambaye kicheko chake hutoka kwa nadra.

Safari ya kwanza ya majaribio haikuwa ya kucheka, ndiyo maana sikukuandikia habari zake. Ilipofika saa ya kupumzika, dereva alifanya lile ambalo kila dereva aliyefunzwa vizuri hulifanya. Alitafuta mti mkubwa, akaliingiza gari lote kivulini, kichwa mpaka mkia, akazima, akaenda kula. Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni jambo la kuambiwa. Mhandisi naye alifurahia ubaridi, akaegemea tairi, akapitiwa na usingizi. Mabawa yalikunjuliwa vizuri sana, Baba, chini ya majani. Tela la jua likalala kivulini saa zile jua linapowaka kuliko saa zote. Usicheke. Haya, cheka.

Wewe mwenyewe ungefanya vivyo hivyo. Tangu sijaweza kufikia usukani nakusikia ukisema kwamba gari hutafutiwa kivuli kwanza, tumbo baadaye. Tairi zisipikike, mzigo usiharibike, kiti kisikuunguze mapaja. Madereva wote wa kizazi chenu mmelishwa hayo, nanyi mkatulisha sisi. Basi jioni lori likaishiwa nguvu katikati ya barabara, likavutwa na lori la dizeli lililobeba mbuzi. Watu walitupiga picha kwa simu zao, na mbuzi walitulilia njia nzima.

Mkurugenzi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema itafanyika safari moja tu nyingine. Tukivutwa tena, paneli zote zitafunguliwa zipandishwe kwenye paa la ofisi, tela litauzwa libebe mchanga, na dereva atarudi kwenye kazi yake ya zamani. Tela lile tumelichomelea wenyewe, na nyaya zake nimezitandaza mimi kwa mikono yangu, nikijipenyeza chini yake kama panya. Nilipofikiria mchanga unamwagwa juu ya kazi ile, nilirudi chini yake nikakagua kila waya upya.

Siku hizo ndipo ilipofika barua yako yenye maagizo kwa dereva. Uliandika kwamba asikanyage breki mteremko mzima, mguu uwe mwepesi, mlima ausome tangu mbali, na asishike usukani akiwa na hasira. Yalimfikia yote, Baba, neno kwa neno. Na lori hili lina tabia ambayo ungeipenda: ukiinua mguu kwenye mteremko, lenyewe linajizuia, na nguvu ile inarudi kwenye betri. Mwenye pupa na breki anaitupa bure.

Safari ya pili tuliondoka alfajiri. Tulipeleka mzigo mpaka mwisho wa tambarare, tukashusha, tukaanza kurudi. Mchana dereva aliipita miti yote bila kugeuza shingo, akaenda kusimama katikati ya uwanja wa mpira, mahali ambapo hata kuku hawakanyagi saa zile. Mabawa yakakunjuliwa. Kazi ikawa kufuta vumbi kwenye paneli kwa kitambaa kibichi, maana paneli yenye vumbi ni sawa na mtu aliyefumba macho. Punde watu wakaanza kuja, kwa kuwa mabawa yalitupa kivuli kizuri. Walikuja wachuuzi na vikapu vyao, akaja mama mwenye mtoto mgongoni, akaja mzee mmoja na baiskeli yake, wakajipanga chini ya tela. Bibi mmoja aliuliza tunauza nini. Alipoambiwa hatuuzi kitu, aliuliza kama kivuli nacho ni cha bure, kisha akavua viatu. Wageni wakawa wamestarehe, mwenye gari anaungua juani.

Halafu likaja wingu. Lilikuja zito, likatua juu yetu kama lina miadi. Mhandisi alitazama namba kwenye kompyuta yake, akashauri tuondoke na chaji iliyopo, kwani kwa hesabu yake tungefika kituoni au karibu nacho. Dereva alikataa.

"Tukiondoka sasa tutafika karibu," alisema. "Mimi sitaki kufika karibu."

Tukangoja. Watu wakatawanyika, kivuli kikiwa hakina maana tena, na kijana mmoja aliuliza kwa kejeli kama tunahitaji kusukumwa. Mhandisi alizunguka tela mpaka akachimba njia. Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kuendesha, nakuambia ukweli. Kama wingu lisingeondoka, lawama yote ingemwangukia dereva. Mwishowe upepo ukalisogeza, jua likatoka kwa hasira, na dereva hakuondoka hata hapo. Alilisubiri tela linywe lishibe.

Mlima wa mwisho tuliupanda taratibu, feni imezimwa, redio imezimwa, mhandisi ameacha kusoma namba kwa sauti. Zilikuwa zinashuka kila kona. Kileleni zilikuwa zimebaki kidogo mno. Basi dereva akainua mguu, akaliacha gari literemke kwa adabu, bila papara, na namba zikaanza kupanda zenyewe. Mhandisi, mtu mzima yule, alianza kuimba. Tuliingia kituoni kwa magurudumu yetu wenyewe. Mlinzi alitoka mbio na tochi akauliza kama aite gari la kutuvuta. Dereva akamwomba maji ya kunywa.

Nilijivuna, Baba. Sina namna nyingine ya kulisema. Nililala usiku ule nikiwa natabasamu kama mjinga. Mkurugenzi alikuja mwenyewe karakana, akampa dereva mkono mbele ya watu wote, akaagiza matela mengine yaanze kuundwa. Dereva ndiye atakayewafunza wenzake, na somo la kwanza litakuwa kuichukia miti. Tena amekabidhiwa njia ya kudumu, na njia hiyo inapita barabara kuu iliyo chini ya nyumba yetu.

Nakujua utakaa pale barabarani tangu asubuhi umngoje huyo mkwe wako. Kwa hiyo jibu siwezi kulichelewesha tena.

Dereva hana mke, Baba, wala hatakuwa naye. Hanywi. Ni mtoto wa dereva mstaafu mwenye maumivu ya mgongo anayefungwa drafti na fundi cherehani. Dereva ni mimi.

Sikukudanganya hata mstari mmoja. Niliandika "dereva", nikaandika "yeye", na lugha yetu haiulizi yeye ni wa kike au wa kiume. Ni wewe uliyemvisha suruali na ndevu, ukampangia na siku ya kuja kujitambulisha nyumbani. Ningeweza kukusahihisha mapema, lakini kila barua ulizidi kumpenda, na mimi nilizidi kufurahia kupendwa hivyo.

Najua ulichokisema. Ulisema kiti cha lori kimekula mgongo wako na hakitamla mwanao, ukajinyima ili nisome umeme nifanye kazi ndani, kivulini. Nilisoma, Baba, sikukuangusha. Ila umeme wenyewe ndio ulionifikisha kwenye usukani. Dereva aliyeletwa mwanzoni alikataa kulala juu ya betri, mkurugenzi akauliza nani mwingine ana leseni ya magari makubwa, nami nilikuwa ninayo. Mkono ulinyanyuka kabla sijafikiri. Mama anajua tangu siku ile. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemfunga mdomo, na unajua ilivyo kazi kumfunga mdomo Mama.

Nitapita huko Alhamisi ijayo mchana. Nitasimama pale penye kokoto, palipo wazi. Ukiwa umekasirika, kaa ndani. Sitakuja kugonga, nitaelewa, na nitapita tena wiki inayofuata, na inayofuata. Lakini kama hukukasirika, shuka na fimbo yako na kofia. Mhandisi hatakuwepo. Kiti cha abiria kina springi, hakitauumiza mgongo wako, na nataka uwe juu yake nikiteremka ule mlima niliokusimulia, uutazame mguu wangu, kisha uniambie kama ni mwepesi.

Wasalimie wote nyumbani, na jirani umwambie ajiandae kushindwa kwenye drafti. Mungu awalinde.

Ni mimi mwanao,

Dereva