Nimemwashia Baba Yako Peke Yake

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Nguo uzianue mapema, mawingu ya leo siyaamini. Simu yangu ~~nimeificha kabatini~~ nimeondoka nayo.

Asubuhi baada ya sala nilizima lokesheni kwenye programu zote, kama mwalimu wetu wa darasa la jioni alivyotufundisha. Hata viatu sijavaa, baba yako akapiga kutoka huko mbali anakofanya kazi. "Mama watoto, mbona leo sikuoni?" Kumbe tangu anitumie simu hii, kila siku ananitazama kwenye ramani mpaka nifike kwenye geti la kiwanda. Nikamwambia huko ni kunichunguza, angeniomba kwanza. Akasema, "Nilikuwa nakusindikiza tu."

Ni miaka miwili sijasindikizwa na mtu.

Basi nimemwashia yeye peke yake. Kwingine kote nimezima, na wewe usiwashe. Nimemwomba naye awashe yake. Nikitoka darasani jioni, nionyeshe pa kumtazama. Kila siku namwombea alale salama, na sijui hata analala mtaa gani.

Mama yako