Njoo Umchukue Kulusum

Dada yangu Ruqaiya wa Koboko,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Huku Arua mvua iko, maharagwe ya kule Ayivu yameota vizuri. Watu wa timu ya mpira ya Onduparaka bado wananitania: "Kocha, mtu anakimbia bila mpira, ameiba nini?" Waache. Chuo kizima hapa, anayefundisha mbio za uwanjani na mbio za nyika ni mimi. Kocha mwingine kama mimi hakuna, West Nile yote.

Binti yako Kulusum anawaacha wote nyuma. Lakini mguu yake iko na shida. Daktari alipiga picha, akasema mfupa umepata ufa, akikimbia utavunjika. Nikamuuliza mtoto, "Unaumia?" Akacheka: "Mjomba, si wewe ulisema maumivu ni kelele ya wavivu?" Kweli, ni mimi nilisema.

Na nimeshatangaza mbele ya wanafunzi wote kwamba Jumamosi atakimbia. Unanijua, neno yangu hairudi nyuma. Nimejaribu kumwambia apumzike, mdomo umekataa.

Sasa njoo Ijumaa, umchukue mpaka Koboko. Usiseme ni mimi nimekuita. Nitabisha, nitapiga kelele mbele ya watu, nitasema unaharibu kazi yangu. Usinisikilize, dada. Mshike mkono, mpande gari, muende.

Ni mimi kaka yako,
Kocha Abdunoor